Saundi Kadi Mbili, Namba Moja

Chumba changu cha kurekodia kipo nyuma ya bucha, hapa Karatu mjini. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa matangazo tu: mbegu, mbolea, mnada, na wanunuzi wa vitunguu wa Mang'ola wanaotaka sauti ya kike kwenye spika za magari yao. Matangazo hayo hata simu inatosha kurekodi, maana gari lenyewe linanguruma kuliko tangazo. Lakini kikundi cha akina mama wa Nainokanoka waliponipigia kwamba wanataka kurekodi nyimbo zao za harusi, niliona nisiwafanyie mzaha. Nikapanda basi hadi Arusha kununua saundi kadi, kile kisanduku kinachokaa kati ya maikrofoni na kompyuta ili sauti iingie ikiwa safi.

Muuzaji alikuwa kijana mpole. "Dada, hii ni orijino," alisema. "Feki siuzi mimi."

"Mbona bei yake iko chini hivi?"

"Tunaagiza wenyewe, hatupitii kwa mtu."

Boksi lilikuwa zuri, limevalishwa nailoni, na ndani kuna kitabu cha maelekezo. Nikaamini.

Akina mama walifika siku ya mnada, wamepanda lori la ng'ombe, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Kiongozi wao alikuwa bibi mrefu mwenye Kiswahili cha kuombea maji tu. Mkwewe ndiye aliyetafsiri.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu kwa Kimaa, yaani shikamoo mama.

"Iko," akajibu, akaanza kuikagua maikrofoni kwa macho.

Nilimwomba mkwewe awaambie wavue zile shanga zenye vibati vinavyolia shingoni. Yeyo alisikiliza, akacheka kidogo, akasema neno moja refu.

"Anasema bila hizi si wimbo," mkwewe akaniambia.

Basi wakaimba nazo. Sauti ya yeyo ilianza nyembamba, ikapanda, na wenzake wakaijibu kwa mguno wa kifuani hadi meza yangu ikatetemeka. Kwenye hedifoni nilisikia mvumo chini ya sauti zao, zzzz, hauishi. Nikajiambia ni friza la bucha, nitausafisha baadaye. Wakaimba mpaka lori likapiga honi, wakaondoka.

Ule mvumo haukusafishika. Kila nilipoupunguza, akina mama nao walipungua, wakawa kama wanaimba ndani ya pipa. Nikamwendea jirani yangu wa bucha kumwomba azime friza kidogo.

"Yaani nyama yangu ioze ili wewe urekodi?" aliniuliza, kisu mkononi. Akazima hata hivyo. Mvumo ukabaki. Mume wangu akasema ni ethi, ule waya wa umeme unaoshuka ardhini. Akachimba, akashindilia chuma ardhini, akamwagia maji ya chumvi. Ukabaki. Nikanunua waya mpya. Ukabaki. Nilifika mahali hata nyumbani nikinyamaza nausikia.

Aliyenifumbua macho ni mpiga kinanda wa kanisani kwetu, ambaye ana saundi kadi ya aina ileile. Alikuja nayo, tukaziweka mezani pamoja. Kwa mbali zilikuwa mapacha. Kwa mkono, yake ilikuwa nzito na yangu nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti. Maandishi yake yalikuwa yamezama kwenye chuma. Ya kwangu yalifutika kwa kucha. Tulipoichomeka yake, kompyuta iliitambua kwa jina la kiwanda. Ya kwangu iliitwa "kifaa cha sauti" tu, kama mtoto asiye na baba. Na mvumo, kwenye yake, haukuwepo.

"Umeuziwa boksi," alisema.

Nilirudi Arusha nikiwa nimekunja uso tangu nyumbani. Yule kijana hakubisha. "Pole dada, hiyo ilikuwa bahati mbaya. Chukua hii." Nikaigeuza ile mpya, nikaiweka karibu na ya kwangu. Namba iliyobandikwa chini ilikuwa moja, tarakimu kwa tarakimu.

"Kaka, hizi namba zinafanana."

"Hiyo ni namba ya modeli."

"Ya modeli ni hii ya juu. Hii ya chini kila kifaa kina yake, kama kitambulisho cha mtu."

"Sasa dada, unanunua saundi kadi au unanunua namba?"

Wateja wengine wakacheka. Hela hakurudisha, alinipa waya mbili, nazo sikuzitaka.

Duka la pili niliingia na kompyuta, maikrofoni na hedifoni, nikakaa kwenye kaunta kama niliyepanga chumba. Nilipima uzito, nikasoma jina kwenye kompyuta, nikahakiki namba kwenye tovuti ya watengenezaji. Nikabonyeza swichi inayopeleka umeme kwenye maikrofoni, maana kwenye ile yangu taa ilikuwa inawaka na umeme unaenda kidogo tu. Mwisho nikachomoa maikrofoni, nikapandisha sauti yote, nikasikiliza. Kimya, na pumzi hafifu tu ya kifaa.

"Mama, kuna watu wananunua gari kwa muda mfupi kuliko huu," dada wa duka alilalamika.

"Nivumilie, mwanangu. Nimeshaumwa."

Nikawapigia akina mama warudi. Mkwe wa yeyo akaniambia bibi ameenda Oloipiri, binti yake amejifungua, na hatarudi mpaka mvua zipite. Wenzake walikuja bila yeye, akaongoza mwingine. Rekodi ilitoka safi. Kila kibati kilisikika. Nikawawekea zote mbili, nikijua watachukua ipi.

Walisikiliza hadi mwisho, wakateta kwa Kimaa.

"Tunataka ile ya kwanza," mkwe alisema.

"Ile ina mvumo!"

"Tumeusikia. Lakini yeyo yumo."

Nilibishana nao. Nikawaeleza mambo ya boksi, ya swichi, ya namba, mpaka nikachoka, nao wananitazama kwa upole. Wakaichukua. Sasa inapigwa kwenye harusi hadi Endulen, kwa spika kubwa, na zzzz yake yote. Juzi mteja alikuja kuniuliza kama ninarekodia kwenye mashine ya kusaga.