Vyeti Kumi na Vinne Ukutani

Ukiingia chumba cha daktari katika zahanati yetu, jambo la kwanza utakaloliona ni ukuta wa vyeti. Viko kumi na vinne, vyote vimewekewa fremu, na vyote vina jina la Marselino Maige, tabibu na mganga mfawidhi wetu. Mimi ndiye ninayevifuta vumbi kila Jumatatu, kwa hiyo navijua. Nasema bila kumung'unya maneno: hakuna hata kimoja alichokitolea jasho.

Aliyevitolea jasho ni Philomena, muuguzi wetu, ambaye wote tunamwita Mama Suzana. Ni mtu wa Kagongwa, binti wa mkulima wa mpunga, mfupi, mkimya, anatembea haraka kama aliyeacha sufuria jikoni. Miaka sita tumefanya kazi pamoja hapa, njia ya kwenda Segese. Mimi napima uzito wa watoto na kutunza rejesta na muhuri; yeye anazalisha, anachanja, anafunga vidonda vya wachimbaji.

Miaka miwili iliyopita tuliletewa kishikwambi kimoja. Waliokileta walisema kina masomo ya bure ya mtandaoni kwa watoa huduma wa zahanati kama yetu: unasoma, unajibu maswali, ukifaulu unapata cheti na alama za kuhuishia leseni yako. Marselino akafungua akaunti kwa jina lake, akakichezea siku mbili, kisha akakiweka kabatini juu ya boksi la glavu. Mama Suzana akakitoa.

Mtandao hapa unashika mahali pamoja tu, nyuma ya jengo, kati ya tanuri la kuchomea taka na shimo la kutupia kondo la nyuma. Huko ndiko alikosomea. Wagonjwa wakipungua mchana, anageuza ndoo, anakaa, anajifunika kitenge kichwani ili jua lisimzuie kuona kioo. Nimempelekea uji huko mara nyingi. Somo la kifafa cha mimba alilirudia mara tatu, kwa sababu mtandao ulikatika kila alipofika swali la mwisho.

Mtaniuliza: hakuona kwamba kila akifaulu kioo kinaandika "Hongera, Marselino Maige"? Aliona. Lakini kwetu kila kitu kina jina la mfawidhi. Oda ya dawa ina jina lake, ripoti ya mwezi ina jina lake, hata friji ya chanjo ilipokelewa kwa jina lake. Mama Suzana akizalisha watoto ishirini, taarifa inatoka kwa Marselino. Basi akadhani akaunti nayo ni ya kituo, kama rejesta. Vyeti vilipotundikwa alifurahi, masikini. "Mama Jilala, umeona?" akaniambia. "Vyeti vyetu hivyo." Vyetu! Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Na elimu yenyewe ilifanya kazi. Somo la saba lilihusu zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo hunasia dhahabu, kisha wakaichoma moto na kuvuta moshi wake. Mwaka jana walikuja wanawake watatu mikono ikiwatetemeka, na huko nyumbani walishaambiwa wamerogwa. Mama Suzana aliwahoji, akawaangalia fizi, akataka wapewe rufaa, na wote watatu walikutwa na zebaki mwilini. Marselino akaitwa Shinyanga, kwenye semina, aeleze jinsi alivyowagundua. Alimwomba Mama Suzana amwandikie karatasi ya kusoma. Akamwandikia. Alirudi na cheti cha kumi na nne.

Mwezi huu leseni ya Mama Suzana ilikaribia mwisho. Akaomba kuihuisha, akaulizwa alama za masomo yake. Hana hata moja. Kwa karatasi, muuguzi huyu hajasoma kitu miaka miwili. Alikwenda kwa Marselino nikiwa mlangoni nafagia, nikamsikia akisema kwa heshima zote, "Mganga, naomba uwaandikie kwamba aliyesoma ni mimi."

Marselino akacheka. "Nikiandika hivyo si nitaonekana mwizi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Fungua akaunti yako. Masomo ni bure. Ila leseni ikiisha usiguse mgonjwa, Mama Suzana. Sheria ni sheria."

Nilishika ufagio kwa mikono miwili, usije ukaenda wenyewe.

Leseni iliisha Ijumaa. Jumatatu Mama Suzana alikuwa nyuma kwenye ndoo yake, simu yenye kioo kilichopasuka mkononi, anaanza somo la kwanza. Ndani, foleni ilikuwa imefika getini.

Alhamisi akaja Mbuke, mama wa watoto wanne anayeokota riziki kwenye karasha za kusagia mawe. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, na daftari lake la matibabu likamdondoka mara mbili kabla sijalipokea. Vidole vilikuwa vinamcheza. Aliingia kwa Marselino. Haukupita muda, dirisha la nyuma likafunguliwa.

"Mama Suzana! Kuna mtu anatetemeka huku. Tunamuuliza nini?"

Mimi ningemwambia akasome ukutani. Kipo, cha saba kutoka kushoto. Yeye aliweka simu mapajani, akajibu.

"Muulize dhahabu anachomea wapi."

Kichwa kikaingia ndani, kikatoka tena. "Anasema jikoni. Halafu?"

"Watoto wanalala wapi?"

"Humo humo. Halafu?"

"Mwangalie fizi. Mwambie asichome tena nyumbani, kuanzia leo. Mpe rufaa yeye na watoto wake wote."

Marselino akaniletea rufaa mezani, maana karatasi haitoki hapa bila muhuri. Nikaisoma. Chini kabisa iliandikwa: Aliyebaini tatizo, Marselino Maige. Hapo nilikuwa nimeshajaa, nikamwagika.

"Mganga, sipigi muhuri hapa. Jina limekosewa."

"Huyo hana leseni, Mama Jilala."

"Na majibu ulimwomba ya nini?"

Benchi zima lilitugeukia. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi muda wote, na hawakuwa viziwi. "Mganga, hata sisi tumesikia," alisema mchimbaji mmoja mwenye kidole kilichofungwa bendeji. Marselino alitazama foleni, akatazama karatasi, akalikata jina lake na kuandika la Philomena. Nikagonga muhuri mpaka meza ikalia, nikampa Mbuke karatasi yake.

Nakala niliipeleka nyuma. Mama Suzana alipitisha kidole juu ya jina lake, akanirudishia.

"Nisubiri kidogo, Mama Jilala," akasema. "Niko somo la saba, swali la tisa."

Niliinama kuchungulia kioo. Lilikuwa linauliza dalili za zebaki.