Jina Lililonyamazisha Sikio

Nilisimamia mashine ya kusaga pale Nyakato miaka kumi na minane bila kuziba masikio hata kwa pamba. Mlio ulipoanza nilidhani mota haijazimwa. Nikaenda kuangalia. Ilikuwa imezimwa, na mlio uko palepale, mwembamba, haupumziki.

Kwetu sikio likilia, kuna mtu anakuteta. Unataja majina, moja baada ya jingine, na jina likilinyamazisha, mwenye jina ndiye huyo. Nilitaja ukoo mzima. Nilipofika kwa wifi yangu, mke wa kaka, sauti ikashuka kidogo. Ilinitosha. Nilipanda gari hadi Butiama, nikamtukana mbele ya wanawe, na kwa miaka miwili sikukanyaga kwao, hata kaka alipolazwa. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai.

Mlio haukuondoka. Nilipoanza kugonga kichwa ukutani mchana kweupe, mume wangu akanipeleka hospitali kwa daktari wa masikio. Daktari akasema mashine imeniharibia masikio, na ubongo, ukikosa sauti ulizozoea, unajitungia ya kwake. Dawa ya kuuzima mlio huo hana. Nilimbana kwa maswali mpaka akataja nyaya zinazopandikizwa ndani ya ubongo, betri yake ikikaa chini ya ngozi ya kifua. Zinawatuliza baadhi ya wanaotetemeka mikono. Kwa masikio bado ni majaribio, watu wachache, nchi za mbali.

"Niandike jina," nikamwambia.

"Mama, hakuna daftari la kuandika majina. Na huko ni kutoboa fuvu."

"Toboa."

Akaniandikia vidonge vya usingizi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Butiama kuomba radhi. Wifi alikuwa anaanua makopa ya muhogo. Aliniacha nimalize, akasema amenisamehe, halafu akauliza, "Na hiyo kelele, imeacha?"

Nikamwambia haijaacha. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwomba jambo ambalo hadi leo naona aibu kulisema.

"Wifi, kubali tu kwamba ulikuwaga unaniteta. Kubali, halafu uache."

Machozi yalimtoka.

"Sijawahigi kukuteta, wifi. Ingekuwa ni mimi, leo ningenyamaza."