Hatua Nane za Broka

Mpira ulipompiga yule msichana usoni nilikuwa nimesimama pembeni, mahali mwamuzi anapotakiwa kusimama, kwa hiyo niliona kila kitu. Ilikuwa mechi ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tatu, Jumamosi asubuhi pale Kitengela. Timu moja ilipata mpira wa adhabu, nyingine ikapanga ukuta wa watoto wanne. Aliyepigwa alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Alipiga magoti, akafunika jicho la kulia kwa mikono yote miwili, wala hakulia. Angelia ningeogopa kidogo tu.

Kazi yangu ya dakika moja kabla ya hapo ni nyepesi ukiisikia. Mpira wa adhabu ukitolewa, wapinzani lazima wakae mbali nao. Kwa wakubwa ni mita tisa na ushei. Kwa watoto wetu, na viwanja vyetu hivi vya vumbi, tulikubaliana mita saba. Hakuna mwamuzi anayetembea na tepu ya kupimia mfukoni. Unasimama penye mpira, unahesabu hatua nane, unachora mstari kwa kisigino na kuwaambia watoto asivuke mtu. Mimi zangu nane nilizihesabu kwa sauti, na uwanja mzima ulisikia.

Mpigaji alikuwa amenitazama kwa wasiwasi. "Refa, si wako karibu?"

"Piga mpira," nikamwambia. Sipendi kufundishwa kazi na mtoto.

Kocha wa yule msichana alifika mbio, akamwinua. Badala ya kuniuliza mimi, akamgombeza yeye. "Nimekwambia mara ngapi? Kwa ukuta kichwa inaenda chini! Wewe unaangalia mpira kama sinema!" Nyuma yake alikuja nyanya ya mtoto, shosho kama tunavyosema kwetu, aliyekuwa akimlea, akikatiza uwanja bila kujali mechi. Wakampeleka kliniki. Mimi nikamalizia dakika zilizobaki bila kukumbuka nani alikuwa akishinda, kisha nikawafuata huko filimbi ikiwa bado shingoni.

Daktari alisema damu imeingia ndani ya jicho. Mtoto asikimbie, asiiname, arudi baada ya wiki aangaliwe upya. Nilimuuliza kama ataona vizuri. Akasema tungoje.

"Mungu akubariki, baba," shosho akaniambia pale kwenye benchi. "Refa mwingine angeenda kwake." Nilitamani ardhi ipasuke, na wakati huo hata sikuwa na hakika ni kwa nini.

Jumapili baada ya kanisa nilichukua tepu, nikaweka jiwe kwenye ua, nikahesabu hatua nane kama ninavyohesabu siku zote. Mke wangu akashika ncha ya tepu. Mita nne na sentimita themanini. Nikarudia. Nne na themanini na tano. Mara ya tatu nilijilazimisha, lakini miguu ilifika palepale.

"Kwani unamuuzia nani ploti?" mke wangu akauliza, akacheka.

Mimi sikucheka. Kabla ya filimbi nilikuwa broka, dalali wa mashamba, miaka kumi na moja, nikiwatembeza watu kwenye nyasi kavu kuanzia Kitengela mpaka karibu na Isinya. Ploti ni futi hamsini kwa mia, mpima ardhi ameshaweka bikoni zake za mpaka, hakuna wa kuzisogeza. Lakini mteja haamini bikoni, anaamini miguu. Ukimpitisha kwenye ule upande mrefu ukahesabu thelathini na tatu, atasema sawa, atafikiria. Ukihesabu hamsini, uso unafunguka: "Kumbe wametuongezea!" Basi nilijifunza hatua ya kufikisha hamsini. Si ya kunyata, mteja angeshtuka. Ni hatua ya mtu mwenye haraka, mikono inapunga kweli kweli, mguu tu ndio unaotua mapema. Sikumwibia mtu hata inchi moja, na nilijivunia hilo. Nilimwongezea raha tu.

Mazoea yana taabu. Biashara niliiacha, lakini miguu haikuacha. Nilikuwa nimechezesha watoto misimu miwili, kila ukuta nikiuweka mita tano badala ya saba, na kila mara nikiapa ni saba.

Ningekwenda kwa shosho siku ileile. Nilivaa hata viatu. Halafu nikaanza kujiuliza: jicho likiharibika, na mimi nimeshakiri? Nikavua viatu. Wiki hiyo niliishi roho mkononi. Alhamisi shosho mwenyewe akaja langoni na fungu la mboga za managu kutoka shambani kwake, asante ya kuwafuata kliniki. Nikayapokea kwa mikono miwili. Akaniambia mtoto anashinda kimya, kocha amewaambia wenzake kwamba aliumia kwa uoga wake, na kwamba mwoga hakai kwa ukuta. "Lakini huyu si mwoga," akasema. "Ama wewe uliona aje?"

"Si mwoga, shosho," nikasema. Hapo ndipo mahali pa kusema lile lingine, na nikanyamaza.

Jicho lilipona. Nilifurahi hadi nikaona haya, maana nusu ya furaha yangu ilikuwa kwamba sasa hakuna haja ya kusema. Nikachora alama ya mita saba kwenye ua, nikajifundisha kutembea upya kama mtoto, asubuhi na jioni, mpaka nyuma ya mapaja ikauma. Nilijiambia nitarekebisha kimyakimya na yataisha.

Mwezi uliofuata nikapangiwa mechi Kajiado mjini, timu ileile dhidi ya wasichana wa kutoka Bisil. Nilimwona mtoto akipasha misuli moto, nikamwona shosho amekaa kwenye nyasi na mfuko wake. Niliomba kusitokee mpira wa adhabu karibu na goli. Dakika za mwisho, bado hakuna bao, ukatokea, nje kidogo ya boksi, na mpigaji wa Bisil alikuwa na mguu wa kushoto ambao ulikuwa umeshanitisha mara mbili.

Nikahesabu nane, ndefu, za kweli. Nikachora mstari.

"Refa!" kocha akapiga kelele. "Leo unapeleka ukuta Namanga mpakani?"

Watu wakacheka. Watoto watatu wakasimama kwenye mstari. Yule aliyeumia alikuwa wa nne, na alisimama hatua mbili nyuma ya wenzake, mikono imefunika uso. Nafasi ikabaki wazi katikati ya ukuta. Sheria haimkatazi mchezaji kusimama mbali zaidi. Nikapiga filimbi. Mpira ukapita palepale ukaingia wavuni.

Kocha alikuwa ameshainua mkono kabla wale wa Bisil hawajamaliza kushangilia. Anataka kubadilisha mchezaji. "Toka! Toka kabisa! Na mazoezi usikuje tena, mimi sifundishi waoga!" Mtoto akaanza kutembea kuelekea nje, kichwa chini.

Mchezaji habadilishwi bila ruhusa ya mwamuzi. Nikaenda mpaka kwenye mstari.

"Usimtoe," nikasema. "Siku ile ya Kitengela mimi ndiye nilipima vibaya. Walikuwa mita tano. Hatua zangu zilikuwa fupi, na nimejua tangu kesho yake."

Shosho alikuwa ameshasimama.

Kocha akanikaribia, akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha. "Refa, wachana na hiyo maneno. Hakuna mtu hajui. Ukichezesha wewe, mimi huambia wasichana ukuta itakuwa karibu, wataziba goli yote. Tunajuanga."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Nilidhani siri ni yangu, kumbe ilikuwa mbinu ya timu. Alijua walikuwa karibu, na bado alimwita mtoto mwoga. Na mimi nilijua, nikala managu yao.

Shosho alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Rudisheni mtoto kwa mchezo," akasema. Safari hii hakuniita "baba". Kocha akashusha mkono.

Nilimgeukia msichana nimwombe msamaha. Alikuwa akiutazama mstari niliouchora, kule mbali, akipima kwa macho.

"Kumbe leo ulipima fiti," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa si ungeniambia, refa? Ningesimama na wenzangu."

Akakimbia kurudi katikati ya uwanja, wenzake wakimngoja tuanze upya.