Mkate Uliokatwa Kipande

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Ipagala amefariki. Habari niliipata kwenye kundi la simu la mtaa, na kabla hata ya kutoa pole niliuliza alikuwa anaumwa nini. Wanaonisoma siku zote hawatashangaa. Marehemu alikuwa mjane wa Kiislamu, mzaliwa wa Busi kule Kondoa, mpole, wa maneno machache. Tumepakana miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kuingia kwake wala kuonja alichopika.

Kila Idi, baada ya swala, alileta mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Harufu ya hiliki ilifika kwangu kabla yake. Ila mkate ule ulikuja umekatwa kipande pembeni, upana wa vidole viwili. Idi ya kwanza nilidhani ametuletea makombo. Ya pili nikawaza mabaya zaidi: mtu anaufungua mkate wa nini, kama si kutia kitu ndani? Siku hizo Ipagala ilikuwa viwanja vipya, kila mmoja katoka kwao, hakuna aliyejua wazazi wa mwenzake. Mimi nilitoka Mlali na kidato cha nne changu na kazi ya masjala, nikajiona mtu mwenye macho. Nilijenga ukuta na juu yake nikapachika vipande vya chupa. Jirani akigonga geti, nilikaa nyuma ya pazia na kumtuma mke wangu.

"Mama wa jirani kaleta mkate."

"Umekatwa?"

"Umekatwa."

"Wape kuku."

"Mzee, kuku wa nyumba hii wana sikukuu nyingi kuliko wewe."

Nilimwambia aache mzaha. Sahani tuliirudisha imeoshwa, haina kitu. Krismasi tukipika pilau na chapati, mke wangu alitaka kumpelekea, nikakataa. Niliona tukimpa chetu tutakuwa tumekubali chake. Aibu ya kurudisha chombo kitupu naijua, nimelelewa nayo. Nilikirudisha hivyo hivyo, naye Idi ikifika akakijaza tena. Hata kule kutochoka kwake nilikutilia shaka. Anatafuta nini kwangu mtu huyu?

Siku ya kisomo cha kumwombea marehemu nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungesemwa. Nikakaa chini ya turubai, karibu na njia ya kutokea. Binti yake mkubwa, mwalimu sasa, akanijia na sahani. Mkate ule ule, safari hii mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Karibu."

Akashika kisu, akakata kipande pembeni, upana wa vidole viwili, akakila mbele yangu. Nikamuuliza kwa nini amefanya hivyo, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka.

"Ndivyo mama alivyotulea. Ukimpelekea mtu chakula, unaonja kwanza, aone ni salama. Kwako alitaka aonje ukimwona. Lakini baba hukuwa unatoka getini, basi akawa anaonja nyumbani kabla ya kuleta."

Mzee aliyekaa kando yangu akacheka. "Huyu? Huyu hata maji yake mwenyewe anayachemsha mara mbili!"

Kwetu Mlali anayekukaribisha pombe hupiga funda la kwanza yeye, kutoa sumu, ndipo anakupa kibuyu. Ujana wangu wote nimekunywa hivyo. Desturi niliijua kwenye kibuyu, nikashindwa kuitambua kwenye mkate. Nikala. Na nikiri kwamba hata nikitafuna, ulimi wangu ulikuwa bado unapekua.

Mji wetu umejaa watumishi na wanafunzi wa kila mkoa, na kuta zinapanda. Sisemi mtu asijihadhari. Lakini mwenye tahadhari huuliza, na mimi miaka yote hiyo sikuuliza hata mara moja. Nilijijibu mwenyewe, kisha nikayaamini majibu yangu.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu habari ya kuonja.

"Najua," akasema. "Nilimuuliza Idi ile ile ya kwanza."

"Na kuku?"

"Kuku wako hawajawahi kuuona huo mkate."

"Na sahani?"

"Sahani ilirudi tupu kweli. Hiyo uliisimamia mwenyewe."

Kesho yake nikampigia mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi Mwanza, nikamuuliza anakumbuka nini cha sikukuu za nyumbani. Hakusita. "Mkate wa mama wa jirani. Tulikuwa tunaula jikoni na chai, mama anatusimulia vituko vya bibi, tunacheka tumeziba midomo usitusikie." Kisha akaongeza, "Baba, wewe ulikuwa sebuleni."

Nilikuwa sebuleni, nalinda. Katika kumbukumbu tamu kuliko zote za nyumba yangu, mimi simo, na hakuna aliyenitoa ila mimi. Msomaji, sahani ikija getini kwako, toka uipokee mwenyewe, na ukiona kasoro uliza hapo hapo, mwenye jibu akiwa bado yupo.

Sahani ya binti yule, niliyoondoka nayo na mkate uliobaki, bado iko kwangu. Krismasi nitaipeleka kwa mkono wangu ikiwa na chapati, na pale mlangoni kwake nitamega ya juu, nile, anione.