Mashine za Dada Klara

Wivu ulimkaa Klara rohoni tangu siku Yasinta aliposhuka na begi lake kutoka Dar, na wala hakujisumbua kuuficha. Loo, angeufichaje? Tangu ushirika alikokuwa akipiga chapa uvunjwe na yeye apunguzwe kazi pamoja na taipu yake, ni yeye aliyekuwa akifungua shule ya kompyuta ya Bwana Gaspari pale Mandewa. Asubuhi anazivua mashine vitambaa alivyovifuma mwenyewe kuzifunikia, anaziwasha moja moja, wanafunzi wanakuta keshaziamsha. Sasa eti kisichana kitaziamsha zote kikiwa kimekaa ofisini, chumba cha pili, kwa kupitia waya!

"Habari ya kuwahi alfajiri itakwisha," Bwana Gaspari alisema, akimwita Yasinta mtaalamu. Klara hakuwahi kuitwa mtaalamu. Na kazi ya alfajiri ndiyo iliyokuwa yake. Ikiisha hiyo, abaki na nini?

Lakini mashine zikagoma. Mchana Yasinta akizizima na kuziita, zinaamka vizuri tu. Asubuhi akiziita, kimya.

"Dada Klara, vipi huko?" aliuliza kutoka ofisini.

"Bado!" Klara alijibu kutoka darasani, na raha aliyoisikia hakuwa ameionja siku nyingi.

Yasinta alikagua nyaya, akafungua mashine, akarudia mipangilio yote. Wapi! Ilipofika Ijumaa Bwana Gaspari alikuwa amekunja uso, na Klara aliona sasa huyu anarudi kwao.

"Shikamoo dada," Yasinta alimwamkia, macho mekundu. "Nimeshindwa. Hizi mashine zina nini asubuhi?"

"Marahaba. Hazina kitu, zimenizoea mimi!" Klara alifyatuka, tena mbele ya bosi. "Wewe unajua kuzichokonoa tu. Nani anazilinda? Umeme wa hapa ukikatika, unarudi kwa kishindo na kuunguza kila kitu. Mimi kila jioni nazima mpaka swichi ya ukutani, ndipo nafunika. Umeona hata moja iliyoungua?"

Yasinta alimtazama, halafu akapiga makofi. "Kumbe! Dada, mashine ikizimwa bado inahitaji umeme kidogo ili isikie ikiitwa. Ukizima ukutani, haisikii kitu. Umeniokoa, dada yangu!"

Akamkumbatia palepale. Klara alitamani angetukanwa. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, kwa majivuno yake.

Bwana Gaspari alinunua kifaa cha kulinda mashine dhidi ya kishindo cha umeme, akamwambia Klara asiiguse tena ile swichi.

Jumatatu Klara aliwahi kama kawaida, funguo mkononi. Taa ya ofisini ilikuwa inawaka. Alipofungua darasa, mashine zote zilikuwa macho, vioo vinang'aa chini ya vitambaa vyake. Akaanza kuvivua kimoja kimoja, polepole, maana ndiyo kazi iliyobaki.