Kahawa ya Wageni

Anatolia hakuwa na nyumba, ila usingethubutu kumwambia hivyo, angekutajia tatu. Kwa kaka yake Rubya, kwa binamu yake Bumbire, kwangu mimi hapa Kanazi. Mumewe alirudi mzima kutoka vitani, akaja kumalizwa na UKIMWI, ugonjwa tuliouita Juliana. Kabla matanga hayajaisha, ndugu wa mume walikuwa wameshagawana kibanja, yaani shamba pamoja na nyumba, migomba na mibuni yote.

Tangu hapo akawa mgeni wa kudumu. Ukijifungua, huyo kaja kukusaidia. Ukifiwa, keshafika kabla ya jeneza. "Nimepita kusalimia tu, waitu," husema, na furushi kichwani limejaa kama la mtu anayehama. Nami namletea kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni hakai bila kahawa. Baada ya wiki mbili namuuliza kwa upole, "Dada, unarudi lini kwenu?" Ghafla anakumbuka kuna msiba Muleba, anaondoka.

Mwaka 1988 usharika wetu ukapata mabati ya kumjengea mwanamke asiye na makazi. Kezia, mwenyekiti wa kinamama, akauliza nani hana pa kukaa. Aliyepaza sauti ni Anatolia: "Hapa kila mtu ana kwake! Wapeni wengine." Nilitamani kumfinya. Usiku uliotangulia alikuwa amelala kwangu, na furushi lake liko chini ya kitanda changu. Lakini nani angesimama kanisani ajitangaze hana kwake?

Kezia si mtu wa kuridhika upesi. "Basi kila mmoja aniambie," akasema, "mara ya mwisho alimkaribisha nani kahawa nyumbani kwake." Mambo yakachangamka. Mmoja shemeji yake, mwingine fundi cherehani, mwingine hata jirani anayemshuku kumwibia ndizi. Zamu ya Anatolia ilipofika, akatazama mikono yake.

"Mimi hupewa," akasema.

"Na mimi vilevile," akasema Petronila, mjane aliyeketi kando yake. Kisha Minza, Msukuma anayeuza dagaa wa Bumbire, akaanza kulia. Tulidhani hakuna hata mmoja. Kumbe walikuwa watatu, na kila Jumapili tunakaa nao benchi moja! Niliona aibu.

Mabati yalitosha nyumba moja tu. Wakaingia wote watatu.

Nilipokwenda kuwasalimia, Anatolia aliniletea kahawa kwenye kikapu kidogo. Nikatafuna. Petronila akatoka na kikapu chake. Sijamaliza, Minza, ambaye kwao Usukumani desturi hiyo hawana, akaja na cha kwake. Ningekataa vipi? Nilitafuna yote, kinywa kichungu, moyo umejaa furaha.

Anatolia akaketi karibu yangu, akanitazama kwa upole.

"Dada," akaniuliza, "unarudi lini kwenu?"