Vitovu vya Shamba la Wakfu

Bi Kazija wa Pujini alikuwa mfupi, mkavu, kanga zake zimepauka, na nusu ya kijiji kile ilipokewa na mikono yake. Alikuwa mkunga. Kitovu cha mtoto kikikatika, alikichukua peke yake, kwa siri, hasidi asikijue, akakizika katika shamba la wakfu na juu yake akatia mche: mdoriani, mshelisheli, mchungwa, chochote kilichokuwapo msimu huo. Mwenye kitovu akitaka kuujua mti wake, ni kumwuliza yeye tu.

Shamba lenyewe halikuwa la mtu. Aliyeliweka wakfu alishurutisha jambo moja: mpita njia ale ashibe, asitie kikapuni. Kila Alhamisi watu walikwenda msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira. Walipalilia, wakapanga majani makavu na makumbi ya nazi mashinani ili ardhi ishike maji.

Halafu ikaja siasa ya vyama. Lahaula! Watu waliokula sinia moja wakasusiana maduka, wakasusiana hata mazishi. Alhamisi moja walikuja nusu, iliyofuata watano, kisha wakabaki Kazija na wifi yake Mwanapili. Na vuli ya mwaka hamsini na saba ilikuwa imepita bila mvua ya maana. Kiangazi kikashika. Michungwa ikajikunja majani, na wanawake wawili wenye mitungi hawawezi kunywesha miti arubaini na mitatu. Mwanapili alilia kwa hasira. Aliona shamba limekwisha.

Asubuhi moja akaja Shaame, mkubwa wa chama kimoja, na wenzake wanne wenye madebe.

"Shikamoo, Bi Kazija. Tuonyeshe miti ya vitovu vyetu, tuinyweshe. Ya wale waliotususa na ikauke."

Mwanapili akamtazama wifi yake. Huyu alikuwa mtu wa kukwambia ulizaliwa siku gani na mvua ilinyesha au haikunyesha. Kazija akatembea mti kwa mti, akishika magome, akirudi, akisita. Mwisho akaketi chini.

"Nimesahau, babaangu. Uzee huu! Sijui miye upi wa nani."

Shaame alimkodolea macho. Lakini kitovu cha mtu si kitu cha kuacha kikauke, na kila mmoja aliogopa kuuruka mti ambao huenda ndio wake. Wakanung'unika, wakanywesha yote. Habari zikamfika Jecha, mkubwa wa chama cha pili, naye akahofu watu wa Shaame wataiua miti ya watu wake. Akaja na kundi lake alasiri. Nao, kwa kutojua, wakanywesha yote. Haukupita mwezi, Shaame akawa anamvutia Jecha kamba ya kisima cha shambani. Salamu hakuna, lakini kamba anavuta.

Kijiji kizima kimepauka, shamba la wakfu kijani kibichi! Mwanapili alisimama njiani akasema Subhanallah mpaka midomo ikachoka.

Lakini watu nao hawana jema. "Mkunga aliyesahau vitovu, kesho atasahau wembe," wakasema. Mke wa Shaame aliposhikwa na uchungu, aliletwa mkunga wa kijiji kingine. Kazija alivisikia vigelegele akiwa uani, anakuna nazi. Mkono ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. Hakuitwa tena kuzalisha.

Masika yaliposhuka, mawifi wawili wakaingia shambani. Kazija akaanza kuigusa miti, akinong'ona.

"Huu wa Shaame, alitanguliza miguu. Huu wa Jecha, siku ya pili ya mfunguo mosi. Huu wa marehemu Nyange, hakuishi arubaini..."

Akaenda hivyo mpaka wa arubaini na tatu, asisite hata mmoja. Mwanapili mwili ulimsisimka. Miaka ishirini ameishi na mtu huyu, kumbe hakumjua.

"Wifi! Yote unaikumbuka! Basi waambie, mvua si imeshakuja? Watakuita tena."

"Kiangazi kingine chaja," alisema Kazija, akainama kuliweka sawa kumbi la nazi shinani mwa mti wa Jecha.